Tumbo la Njiti

Mwanamke aliyeitwa Nondo alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hakulificha. Karakana ya kuchomelea mageti aliirithi kwa baba yake, jina pia alipewa na baba yake, aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba huyu binti yangu hapindiki kwa nyundo moja. Mteja aliyeleta dharau alitolewa nje kwa ukosi wa shati. Jirani mmoja wa duka la rangi aliwahi kumshika kiuno kwa utani, akarudi dukani kwake ameshika taya. Watu walicheka wakasema yule mama hana dogo.

Lakini aliyeonja mkono huo kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Huyu walimwita Njiti, kwa jinsi alivyokuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Kazi yake pale karakana ilikuwa kukata na kusaga vyuma. Alikuwa mcheshi, ana ulimi mkali, na tumbo lilimsumbua tangu utotoni. Anaharisha, anavimba, anakonda; ananenepa kidogo, anakonda tena. Walimpa dawa za minyoo mpaka minyoo yenyewe ingeomba msamaha. Mwishowe daktari mmoja alimpitisha mpira wenye kamera kooni mpaka ndani ya utumbo, akachukua kinyama kidogo cha kupima, kisha akawaita dada na mdogo wake ofisini.

"Ni seliaki," alisema. "Mwili wake unapigana na ngano. Kila akila mkate, biskuti, chochote chenye ngano au shayiri, askari wa mwili wanakurupuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Dawa yake ni kuacha. Kuacha kabisa, maisha yake yote."

"Na asipoacha?" Nondo aliuliza.

"Wengi wataendelea kuumwa tu. Wachache sana, utumbo ukishapigwa miaka na miaka, wale askari wenyewe wanaasi. Wanageuka saratani inayoitwa limfoma. Ni nadra, sitaki kuwatisha. Lakini ipo."

Njiti aliondoka na neno nadra. Nondo aliondoka na neno saratani.

Kuanzia hapo Nondo akajipa kazi ya kulilinda tumbo la mdogo wake. Alimpekua mifuko, alimnusa mdomo. Mara ya kwanza kumkuta na biskuti alimzaba kofi mbele ya mafundi wote. Safari nyingine alimtia kabali, akamwingiza vidole kinywani na kutoa kilichokuwa kikitafunwa, naye Njiti akaving'ata vidole hivyo mpaka damu ikamchuruzika Nondo kiganjani. Muuza mikate wa pale kona alionywa. Alipoleta kicheko, kabati lake la vioo lilikula teke, na vioo vikalala barabarani pamoja na mikate. Na lazima isemwe kweli: Njiti alikuwa anakula. Kwa miaka kadhaa aliuibia mwili wake mkate kama mlevi anavyoiba pombe.

Kisha akaoa. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke mdogo wa umbo, sauti yake ya chini mpaka umsogelee ndipo umsikie. Huyu hakumpiga mtu wala hakumpekua mtu. Aliutoa unga wa ngano jikoni kwake, akasugua sufuria zote, na tangu siku hiyo yeye na mumewe wakala wali, viazi na mahindi. Njiti akatulia. Mashavu yakajaa, suruali zikambana, akaanza kutangaza kwamba sasa aitwe Gogo.

Ndipo tumbo liliporudi.

Safari hii lilirudi kwa namna nyingine. Maumivu hayakungoja ale. Yalimkuta amesimama, yalimkuta amelala. Alitokwa na jasho kitandani mpaka mkewe akabadilisha shuka. Nyama ikaanza kumwondoka. Nondo aliuona mkanda wa suruali yake umetobolewa matundu mapya, na moyo ukamlipuka.

"Umerudia mkate," alimwambia.

"Sijarudia, dada."

"Usinifanye mtoto mimi."

"Ngano sijaigusa tangu nioe. Muulize wifi yako."

"Wifi yangu anakupenda. Atasema lolote."

"Na wewe je?" Njiti aliuliza, akawasha mashine yake ya kusagia, na cheche zikafunika mazungumzo.

Siku ya balaa jua lilikuwa kali na karakana ilikuwa imejaa watu. Mteja mmoja alikuja na gari dogo la mizigo kuchukua madirisha yake. Nondo alikuwa anachomelea bawaba za geti alipoona mdogo wake amezima mashine, ameinama, ameshika ubavu, kisha ameingia nyuma ya rundo la mabati. Alipandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, akamfuata.

Alimkuta ameketi juu ya pipa, nusu mkate mapajani, anatafuna huku machozi yanamtoka.

"Haya sasa," alisema Nondo.

"Ndiyo, nakula," Njiti alijibu na kinywa kimejaa. "Wa kwanza tangu nioe. Nikila tumbo linaniua, nisipokula linaniua. Basi acha liniue nimeshiba."

Nondo alisikia neno moja tu: nakula. Mkate aliupiga teke ukaruka ukutani. Kofi la kwanza lilimpata Njiti sikioni, la pili mdomoni, na mkate uliotafunwa ukatoka na damu. Alimkwida shati, akamburuta mpaka uani mbele ya mafundi na mteja, magoti ya Njiti yakichora mistari kwenye vumbi.

"Mtazameni!" alipiga kelele. "Mtazameni anayejichimbia kaburi kwa meno yake!"

Mteja alitazama pembeni. Fundi mmoja alicheka kwa aibu. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Njiti alinyanyuka na bomba la chuma la pembe nne mkononi, lile alilokuwa amelikata asubuhi, ncha zake bado kali, akalishusha kwa dada yake bila onyo. Pigo la kwanza lilimchana Nondo mkono. La pili lilitua begani karibu na shingo, na kila mtu uani akasikia mfupa unalia kama kijiti kikavu. Akaliinua tena, na sasa alilenga kichwa.

Nondo aliinama likapita juu. Akiwa chini hapo hapo, bila kufikiri, alimtwanga ngumi ya tumbo. Ilikuwa ngumi ya mkono wa kulia, mkono ulionyanyua mageti miaka yote.

Njiti hakulia. Alitoa pumzi tu, kama tairi, bomba likamdondoka, akaketi chini taratibu na kujikunja.

"Inuka," Nondo alisema, akimpiga unyayo kwa kiatu. "Inuka, acha maigizo."

Hakuinuka. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alitapika maji ya kijani, kisha macho yakaanza kupotea. Nondo alipiga magoti akamgusa tumbo, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Hapo ndipo alipopiga ukelele ambao mafundi wake hawakuwahi kuusikia. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia, lakini kwa ule mwingine alimzoa mdogo wake akambwaga kwenye gari la mteja juu ya madirisha, na yule mteja aliendesha bila kuuliza madirisha yake yatakuwaje.

Hospitalini daktari kijana wa dharura alimbonyeza Njiti tumboni mara moja, na Njiti, aliyekuwa kimya njia nzima, akapiga yowe lililosimamisha watu kwenye foleni.

"Utumbo umetoboka," daktari alisema. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi. Kapatwa na nini?"

"Nimempiga mimi," alisema Nondo.

Machela ikaenda mbio. Askari wawili wa pale getini walikuja kumketisha kwenye benchi la ukumbini. Kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa haufai, walimfunga pingu wa kulia, upande wa pili wakaufunga kwenye mguu wa benchi. Askari mzee alimwinamia. "Omba Mungu apone, mama. Akifa, hii ni kesi ya mauaji."

Mke wa Njiti alifika na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Nyuma yake alikuja kaka yake, mbeba mizigo wa sokoni, mtu wa kifua.

"Wifi, umemfanyaje mume wangu?" aliuliza kwa ile sauti yake ya chini.

Nondo alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, wifi yake alikuwa amevua kiatu na kumpiga nacho usoni. Akampiga tena, na tena, kisigino kikimfumua nyusi, na Nondo hakuukwepesha uso wake. Alikaa akala kiatu. Damu ilimwingia jichoni, naye alitikisa kichwa tu kama mtu anayekubali anachoambiwa.

Kaka yake wifi ndiye aliyezidisha. Alimsukuma dada yake pembeni, akapiga teke, na teke likatua palepale penye mfupa uliovunjika. Nondo aliona nyota mchana. Kilichofuata hakukikumbuka vizuri. Watu ndio waliomsimulia. Aliinuka na benchi likiburuzika kwenye pingu, akamtandika yule bwana kichwa cha pua, pua ikapasuka, damu ikaruka kwenye ukuta mweupe. Yule bwana alipoyumba, Nondo alizunguka na benchi likamfagia miguu, akala mwereka, na Nondo akamkalia kifuani akimgongagonga kwa paji la uso, maana mikono yote ilikuwa haina kazi. Askari walimshukia kwa virungu. Walimpiga mgongoni, mapajani, kwenye ule mfupa, mpaka akalala kifudifudi sakafuni na benchi juu yake.

"Miaka miwili!"

Sauti hiyo haikuwahi kusikika ikipanda, na sasa ilijaza ukumbi mzima. Wifi alikuwa amesimama juu yao, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Miaka miwili hakuna hata punje ya ngano nyumbani kwangu! Mume wangu anauota mkate usingizini, anaamka anakula viazi! Alikuambia, wifi. Alikuambia kwa mdomo wake tumbo linauma na hajala, ukamwona mwongo. Ukampiga badala ya kumleta huku!"

Shavu la Nondo lilikuwa kwenye sakafu baridi, na kwa mara ya kwanza siku ile alihisi ameumizwa.

Walikuwa bado sakafuni mlango wa upasuaji ulipofunguka. Daktari mpasuaji alikuwa mama mfupi mwenye macho ya uchovu. Aliwatazama: mmoja chini ya benchi, mmoja ameziba pua na shati, mmoja na kiatu mkononi.

"Naona ndugu mko kikaoni," alisema. "Mgonjwa wenu yuko hai."

Wifi aliinama akavaa kiatu chake.

"Nimekata kipande cha utumbo," daktari aliendelea. "Palipotoboka pana uvimbe. Uvimbe huo umekula ukuta wa utumbo mpaka ukabaki laini kama karatasi iliyolowa. Nadhani ni limfoma. Maabara ndiyo itakayosema."

"Ngumi yangu," Nondo alisema kutoka chini. "Ni ngumi yangu?"

Daktari alichuchumaa ili amwone uso. "Pale utumbo ungetoboka hata kwa kikohozi. Labda leo, labda wiki ijayo. Ngumi huenda imeharakisha. Uvimbe hukuuweka wewe, lakini kukusafisha na lawama siwezi."

"Lakini aliacha ngano," wifi alisema. "Aliacha kabisa. Kwa nini sasa?"

"Aliacha amechelewa, utumbo umeshapigwa miaka mingi. Kuacha kunapunguza hatari, hakuifuti. Na mtu wa seliaki akiacha ngano akapata nafuu, kisha maumivu na kukonda vikamrudia huku bado ameacha, hiyo ndiyo kengele. Hapo hatumalizi kwa kuuliza amekula nini. Tunaingia ndani kutazama." Aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna mtu alimwambia?"

Yule mbeba mizigo alitema damu kwenye shati lake.

Nondo alilala selo mkono ukiwa umefungwa bendeji kifuani. Njiti alipozinduka, askari mzee alikwenda kitandani kwake kuchukua maelezo. Njiti alizungumza kwa shida, mrija puani.

"Mimi ndiye niliyeanza na bomba. Mwachieni," alisema. Askari alipogeuka kuondoka, akaongeza, "Lakini asije hapa."

Basi Nondo aliachiwa, na hakwenda. Alirudi karakana, na siku hiyo hiyo alichukua nyundo kubwa kwa mkono mmoja akalipiga geti lililokuwa limebaki kupakwa rangi. Alilipiga mpaka maua yake ya chuma yakalala, mpaka ngozi ya kiganja ikachunika na mpini ukateleza kwa damu. Mafundi walisimama mbali. Alipomaliza, alisema, "Lianzeni upya," akaingia ndani.

Maabara ikathibitisha: limfoma ya utumbo, ile inayozaliwa na seliaki. Njiti akaanzishiwa dripu za dawa za saratani. Nywele zikadondoka, kinywa kikajaa vidonda. Mkewe alishona asubuhi na kuuguza mchana, na habari za mgonjwa Nondo alizipata kwa watu wa pembeni, kama jirani.

Hata siku moja, saa za adhuhuri, wifi yake akatokea mlangoni mwa karakana. Hakusalimia.

"Twende," alisema. "Homa imempanda kichwani. Dawa zimeshusha kinga, ameingiliwa na wadudu kwenye damu. Anang'oa dripu, anapiga wauguzi, amemvunja mmoja jino. Wanataka mtu wa kumshika, na mimi nguvu sina. Wewe unazo." Nondo alipokuwa anavua aproni ya ngozi, wifi akamshika mkono. "Umshike. Usimpige."

Walimkuta Njiti amesimama juu ya kitanda, upara unang'aa kwa jasho, fimbo ya chuma ya dripu mkononi. Damu ilimtiririka pale alipoing'oa sindano. Wagonjwa wenzake walikuwa wamejibana kwenye kona. Alimwona dada yake, na sijui homa ilimwonyesha nani, akapiga yowe na kumrukia.

Fimbo ilimpata Nondo begani, kwenye ule mfupa uliounga vibaya. Aliguna, akaendelea kuja. Ya pili ilimchana kichwa. Aliingia ndani ya mikono ya mdogo wake kama anayeingia kwenye moto, akamkumbatia, wakaanguka wote kitandani. Njiti alimkwaruza uso. Alimng'ata sikio akalishikilia. Alimpiga magoti tumboni, na kila goti lilipoingia Nondo alifunga macho, akabana mikono zaidi. Muuguzi alikuja na sindano.

"Mwizi! Unaniibia! Toa mkono mdomoni mwangu!" Njiti alikuwa akipiga kelele.

"Sitii mkono, mdogo wangu. Nimekushika tu."

Dawa ilichelewa kushika, na muda wote huo alimshika. Hata mwili ulipolegea hakumwachia, mpaka wifi yake alipokuja kumfungua vidole kimoja kimoja.

Homa ilishuka baada ya siku kadhaa. Njiti alipofumbua macho yenye akili, alimkuta dada yake kwenye kiti, sikio limeshonwa, uso una makovu mabichi.

"Mbavu zinaniuma," alisema. "Nani kanivunja?"

"Mimi."

"Bado tu?" Alijaribu kucheka, vidonda vya kinywa vikamkatalia. "Nilikuwa nasema kweli, dada."

"Ulikuwa unasema kweli."

"Sema tena."

"Ulikuwa unasema kweli, na mimi sikukusikia."

Njiti aliinua mkono uliobaki mifupa akamzaba kofi. Halikuwa na uzito wowote. Hata nzi angelikwepa. Lakini Nondo, aliyekula virungu bila chozi, aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia mpaka mabega yakatikisika, na wifi yake, aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai, akageuka akangoja nje.

Daktari aliwaambia pia kwamba seliaki inatembea kwenye damu ya ukoo, kwa hiyo dada apimwe. Nondo alibisha: yeye haumwi na tumbo. Wifi alimshika lile sikio lililoshonwa akampeleka maabara. Wakakuta anayo. Uchovu aliokuwa akiulaumu kwa mageti, na vile vidonda vya mdomoni vya kila mara, vilikuwa ni utumbo unaopigwa kimyakimya. Akaacha mkate siku hiyo, kwa matusi mengi.

Dawa za Njiti zilikwisha. Picha za mwisho hazikuonyesha uvimbe. Madaktari hawatumii neno kupona, wanasema wanamtazama. Amerudi karakana, anapima na kuchora, kukata bado. Kaka yake wifi, pua imekaa upande, aliagiza geti hapo, ila alipokuja kulichukua alisimama barabarani na kuwatuma vijana. Wifi mwenyewe anamwamkia Nondo vizuri na anamletea chakula, lakini Njiti na dada yake wakianza kubishana huacha anachofanya, akasogea katikati yao.

Siku nyingine Njiti husema tumbo linamchoma kidogo. Nondo huzima mashine papo hapo, akafunga karakana, mteja apende asipende, wakaenda hospitali. Hamuulizi amekula nini. Mara ya mwisho ilikuwa gesi tu. Njiti alicheka njiani wakirudi, mpaka Nondo akamwambia anyamaze kabla hajapigwa. Wakatazamana, kisha wakatembea kimya mpaka nyumbani.